Herufi za Chuo kwenye Simu ya Mama

Lubunga, tarehe 12 Februari 2024

Yaya Nadia,

Salaam aleikum, dada yangu mkubwa, wewe na shemeji Aboubakar. Sisi wazima, ila Salima anaota meno na nyumba nzima hailali. Baba yake, Yunus, bado yuko na lori lake barabara ya Buta. Matope yamewashika, na akipiga simu kwa mama anasema kesho, na kesho yake anasema kesho.

Usishangae kuona karatasi. Simu yangu ilianguka majini siku nilipovuka kwenda ng'ambo kununua unga wa ngano. Ilinichomoka kifuani nikimshika Daudi, maana unamjua, mtumbwini hakai, anataka kugusa maji. Simu ya Yunus iko na Yunus. Nyumbani imebaki moja tu, ile uliyomtumia mama, na kila kinachopita humo kinapita mkononi mwa mama. Ndiyo maana barua hii nimempa papa Valère. Anashuka huko na baleinière, mashua yake ya mbao, kila juma, na anasema huko Basoko anakutambua hata kwa kikohozi.

Donc, nataka nikupe habari za hiyo simu.

Mwanzoni mama aliikataa. Aliifunga kwenye leso akaitia ndani ya bati la mchele. Ikilia, sisi wote tunakimbilia jikoni. Akiipokea, anaipa salamu zote kama mgeni aliyebisha hodi, anaiuliza habari za watoto na za shamba, na aliyepiga keshakata zamani. Nilicheka sana. Nikajiambia, haitamaliza mwezi, atampa Daudi achezee.

Haikuwa hivyo. Sasa anachagua mchele kwa taa yake. Boksi la dawa ya presha amelipiga picha, akifika farmasi anaonyesha picha, haniambii tena nimwandikie jina. Kabla hatujavuka, anampigia mpiga kasia amuulize kama mtumbwi uko upande wetu, kwa hiyo hatukauki tena na jua pale kivukoni. Na Salima alipotoka vipele shingoni, mimi bado natafuta kitambaa cha kumbebea, mama keshampiga picha na kumtumia Angélique, yule muuguzi wa zahanati. Jibu likaja kwa sauti: shingo ikae kavu, na mawese tusipake. Vipele vikaisha.

Ilipaswa nifurahi. Nilikasirika siku nzima, nikakanda unga kama ninampiga mtu. Tangu nijue kusoma, mimi ndiye niliyekuwa macho ya mama. Boksi la dawa nasoma mimi, karatasi ya kodi nasoma mimi, bango la uchaguzi nasoma mimi. Sasa macho yake yanalala kwenye bati la mchele na yanatoka Basoko.

Na kuna jambo jingine. Zamani nikirudi kutoka kivukoni na beseni la mikate kichwani, mama aliniuliza: umeuza? Umekula? Siku hizi ananiinulia mkono nisubiri kwanza, anacheka na kioo. Jirani yangu Marceline ameniambia mzee akitumiwa simu, mwisho hutumiwa na nafasi ya mashua. Nakuuliza wazi, kwa heshima zote za leki kwa yaya, mdogo kwa mkubwa: unamvuta mama aje kwako? Kama ndivyo, niambie mimi. Mimi ninayenyonyesha, nikikaanga mikate asubuhi na kufua mchana, bila mama nitafanyaje?

Leki yako,
Ramla

Basoko, tarehe 23 Februari 2024

Leki yangu Ramla,

Barua yako imefika ikinuka samaki wa papa Valère, nikaisoma mara mbili. Kwa bati la mchele nilicheka hadi Aboubakar akatoka nje kuangalia. Kwa mwisho wake hukunifurahisha.

Mimi sivuti mtu. Simu nilimtumia kwa sababu tangu niolewe huku namwona mama mara moja kwa mwaka, nikifika amenyauka kidogo, nikiondoka ndiyo kwanza naanza kumzoea. Wewe unalala naye ukuta mmoja. Lituma ya mkono wake, ndizi alizoziponda mwenyewe, unaila ikiwa moto. Mimi nina kioo cha kiganja basi. Nacho unakionea wivu?

Na hicho kioo chenyewe, ungekuja huku ukione. Mtandao wa Basoko ni wa kubahatisha. Sauti haipiti, picha inakaa ikizunguka hadi betri inachoka. Maandishi tu ndiyo yanayopita. Kwa hiyo usifikiri tunakaa tukipiga soga siku nzima. Ni neno moja hapa, neno moja pale.

Boksi la dawa, mshukuru Mungu. Mzigo mmoja umekutoka. Mtu anayechoka kama wewe angesema alhamdulillahi, asingeandika barua.

Mimi mzima. Miguu tu ndiyo inavimba kidogo, ni hili joto. Mbusu Salima kwenye meno yake, mwambie Daudi aache maji.

Na tafadhali, simu ya mama mwachie mama.

Yaya wako,
Nadia

Lubunga, tarehe 13 Machi 2024

Yaya Nadia,

Umeniandikia kwamba maandishi tu ndiyo yanayopita. Nikajiuliza, maandishi gani? Mama hajawahi kuandika jina lake. Kwenye kura anaweka kidole cha wino.

Nikamvizia. Alikuwa amekaa kwenye mkeka baada ya alasiri, simu juu ya goti, kidole kimoja kinatembea. Nikapita nyuma yake kama ninaanua nguo. Yaya, kidole kilikuwa kinatoka kulia kwenda kushoto. Kioo kizima kimejaa herufi za chuo. Zako na zake, zimepangana hadi juu, Kiswahili chetu cha nyumbani kimevaa herufi za Kurani, na katika zote mimi niliitambua alif peke yake kwa sababu imesimama wima.

Unajua vizuri kwa nini sizijui zingine. Papa alipolazwa hospitali, mmoja alitakiwa kumpelekea chakula kila adhuhuri, na wewe ulikuwa karibu kuhitimu. Wewe ukabeba ubao, mimi nikabeba sufuria. Papa hakurudi nyumbani, na mimi sikurudi chuoni. Sijawahi kulilalamikia hilo. Lakini leo ninyi wawili mnasemeshana juu ya kichwa changu, ndani ya nyumba yangu, kwa lugha yangu, na mimi nimesimama hapo na nguo za watoto mkononi kama kijakazi.

Nilimwuliza mama mnaandikiana nini. Hata hakuinua macho. Alisema: "Mambo ya Nadia ni ya Nadia. Na yako, mutoto, naichunga vilevile."

Bon. Ningenyamaza. Ila Jumatano iliyopita papa Valère alinisimamisha kivukoni akaniuliza kwa wema tu, yule mwanamke ambaye mama alimwombea mahali pa kivuli kwenye mashua, atasafiri lini? Niliinua beseni langu. Nilifika nyumbani nikamkuta mama amefua vikwembe vyake viwili vizuri, vitenge vile vya sikukuu, amevikunja pembeni peke yake, havikuchanganywa na nguo nyingine. Nikaelewa kila kitu: mwanamke huyo ni mama mwenyewe.

Basi sikiliza nilichofanya, na sitaki uambiwe na mtu mwingine. Niliichukua chaja. Nikaiweka chini kabisa ya beseni, chini ya karatasi ya mikate, nikaenda nayo kivukoni. Simu ikafa. Mama alifikiri ni paneli ya jua, akaiosha kwa maji na kitambaa, akaigeuza huku na huku. Mimi nilimwangalia huku nikikanda unga.

Siku zile mbili, yaya, aliniuliza kama nimeuza. Alinipokea beseni mlangoni. Jioni akaniweka miguu kwenye mapaja yake akaikanda, akanisimulia jinsi nilivyozaliwa na mvua kubwa. Nilikuwa na mama yangu tena.

Nimeirudisha Jumapili, kwa sababu mfungo ulikuwa unaanza na majirani wote wanakuja uani kwetu kungojea saa ya futari. Simu yake ndiyo inayoadhini, sasa yeye ndiye muezini wa mtaa, watoto wanakaa mbele yake na tende mikononi wakimwomba airuhusu. Nimemwambia chaja ilikuwa imeangukia nyuma ya magunia.

Sijutii. Kama unataka kumchukua mama, njoo umchukue mbele yangu, kwa maneno ninayoyasikia.

Ramla

Basoko, tarehe 21 Machi 2024

Ramla,

Siku zile mbili ulizoificha chaja, mimi nilikuwa natoka damu.

Nina mtoto tumboni. Ni mwezi wa sita. Ilianza Ijumaa asubuhi, nikiwa nasuuza vyombo. Aboubakar alikimbia kumtafuta mkunga, na mimi nikalala chini na simu mkononi nikamwandikia mama. Nilimwandikia mara nyingi. Niliuliza nilale upande gani, ninywe maji au nisinywe, ninyanyue miguu au niache. Mama amewakalia wanawake wangapi huko Lubunga katika maisha yake? Nilitaka neno lake moja tu. Simu haikujibu, na Jumamosi haikujibu. Nilijua amekufa. Nililala pale nikiwalilia wawili, mama na mtoto, na wote wawili walikuwa hai.

Damu imekoma. Mtoto anacheza. Mkunga Julie amenikataza kutembea mbali, na mashua amenikataza kabisa.

Sasa utaniuliza kwa nini hukuambiwa. Unakumbuka ile mimba ya mwisho? Ulifuma kofia ya njano. Ulinitumia kabla hata tumbo halijaonekana, na kila mtu aliyeshuka kutoka Lubunga alikuja na salamu zako kwa mtoto. Nilikurudishia kofia imefungwa kwenye gazeti, bila neno. Hiyo ilikuwa ya tatu kuharibika, Ramla. Wewe kila ukishika mimba unazaa. Sikuweza kuuona uso wako ukifurahi tena kabla ya wakati. Nilimwomba mama, akakubali, na kwa kuwa nyumba yenu haina mlango usiopitika, Aboubakar, siku aliyokuwa safarini ambako sauti inapita, akampigia na kumwelekeza, kidole kwa kidole, namna ya kuleta herufi za chuo. Alilia alipoziona. Alisema zilikuwa zinamngoja tangu utoto wake chuoni.

Mahali pa kivuli papa Valère aliombwa kwa ajili yangu. Mama alitaka nipande huko nizalie kwenu, baada ya Idi, atukalie sote wawili nyumba moja. Vile vikwembe ni vya kumpokelea mtoto. Sasa siwezi kupanda, kwa hiyo nimemwomba yeye ashuke, akae nami mpaka arobaini itimie, kama alivyokukalia wewe kwa Daudi. Amenikatalia. Nimemwomba tena, amenikatalia tena. Unataka kujua tunaandikiana nini? Nakunakilia, kwa herufi zako, uone ni nani anayeibiwa mama:

"Ramla ameamuka mbele ya adhana. Mugongo unamuuma, hasemi, lakini nasikia vile anavyoinama."

"Leo ameuza mikate yote, amecheka. Akicheka anafanana na papa yenu."

"Wewe uko na bwana nyumbani. Huyu bwana wake ni barabara. Nikitoka hapa nani atashika Salima? Huyu ataanguka, Nadia. Wewe utalala kitandani watu wanakuangalia. Yeye ataanguka amesimama, na hakuna atakayeona."

Kila siku. Namwandikia habari za tumbo langu, ananijibu mgongo wako.

Nadia

Lubunga, tarehe 30 Machi 2024

Yaya wangu Nadia,

Barua yako niliisoma kivukoni, nimekaa juu ya ndoo, na mikate ikaungua. Marceline ndiye aliyeitoa sufuria motoni. Aliniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna, alhamdulillahi, hakuna.

Nisamehe. Sitakuzungushia maneno. Nisamehe kwa Ijumaa ile na Jumamosi ile.

Jioni, tulipomaliza futari, nilimwambia mama kwamba chaja haikuanguka nyuma ya magunia. Nilidhani atanifukuza. Alimaliza kwanza uradi wake, tasbihi hadi mwisho, mimi nimekaa mbele yake. Kisha akaichukua chaja, akaifunga uzi, akaivaa shingoni. Mpaka leo anamwogesha Salima nayo shingoni, na mimi naiona kila dakika. Angenipiga ingekuwa nafuu.

Hilo limepita. Sasa na mimi nina langu, na utanisikiliza.

Uliuogopa uso wangu. Uso wangu ulikukosea nini? Nilifurahi kwa sababu nilidhani ndugu wanafurahi pamoja. Kumbe kila nikizaa mimi ninakuchoma wewe, na hakuna aliyeniambia nipunguze sauti. Ile kofia ninayo. Sikuifumua wala sikumvisha Salima, ingawa kichwa chake kilikuwa na baridi. Ungeniambia tu nisiseme, ningekaa kimya. Mimi nilibeba sufuria ya papa mwezi mzima nikijua kutoka kwa daktari kwamba haponi, na nyumbani sikufungua mdomo. Ninajua kutunza neno.

Na yale uliyoninakilia. Unajua nilihisi nini kwanza? Haikuwa furaha. Ulikuwa wivu, tena mkali kuliko wa mwanzo. Mama anajua mgongo unaniuma na amekuambia wewe. Anaona nikicheka nafanana na papa na amekuambia wewe. Mimi ninayelala naye ukuta mmoja hajaniambia lolote kati ya hayo, hata siku moja. Mimi ananiambia chumvi imezidi. Kwa nini huruma ya mama yangu ishuke mto hadi Basoko, halafu ipande tena kunitafuta ikiwa na harufu ya samaki?

Bon. Nimelia, nimenyonyesha, nimefikiri. Mama atakuja kwako. Nimeshasema, na yeye nimemwambia. Amekataa, kama alivyokukatalia wewe. Kwanza akasema Salima. Nikamjibu Salima atakaa na Marceline asubuhi, na mchana mimi nitawaangalia watoto wake wakati yeye yuko kwenye samaki za mume wake huko maporomokoni. Tumekubaliana, na atapata mikate kila siku. Halafu mama akasema Yunus. Nikamwambia Yunus ni mume wangu, si wake. Halafu akaisokota ile chaja. Nikajua sasa ndiyo sababu yenyewe inakuja.

Alisema: "Basoko sauti haipiti. Nitakaa namna gani mahali sikusikii?"

Nikamwambia nitaandika. Akasema, utaandika kwa herufi gani, na mimi sijui zako? Tukatazamana. Akaitoa simu kwenye leso, akagonga mkeka ubavuni pake.

Kwa hiyo, yaya, mimi niko chuoni. Baada ya mikate, Salima yuko kwenye titi, mama ananishika kidole ananiongoza kwenye kioo. Mikono yangu ina mafuta, kioo kinakataa, anakipangusa kwa ncha ya kikwembe, tunaanza tena. Be ina nukta chini, te zinakaa juu, the usiiguse kwanza. Nikikosea simu inafuta na wala haina kiboko. Ni mwalimu mpole kuliko yule wenu.

Nataka asafiri mapema, kabla tumbo lako halijashuka. Ila hatapanda mashua mpaka nimwandikie sentensi nzima peke yangu. Ni sharti lake.

Lala chali kidogo, kidogo upande wa kushoto, na maji kunywa. Hayo ni maneno yake. Aliniambia niyaandike kwa herufi zangu ili na mimi niyajue.

Leki yako,
Ramla

Basoko, tarehe 28 Aprili 2024

Leki yangu Ramla,

Idi njema, ingawa imepita. Sisi tulikula wali na samaki ya moshi, na mimi nilikula nimelala kama sultani.

Nimekusamehe. Nilikuwa nimekusamehe hata kabla barua haijafika, ila sikutaka ujue haraka.

Lakini sasa sikia na wewe. Juzi mama ameniandikia ujumbe wa kwanza: Ramla amejua jim. Wa pili: Ramla anachanganya jim na kha, lakini anaishika haraka kuliko wewe zamani. Wa tatu: Ramla ameandika "Daudi" bila kusaidiwa, mutoto alipoambiwa hilo ni jina lake aliubusu mkono wa mama yake. Nilingoja wa nne uniulize habari za miguu. Wa nne ulisema usiku mwema. Mimi nilihitimu chuo kizima, nilisoma mbele ya mashehe, na sikumbuki mkono wangu ukibusiwa na mtu.

Aboubakar ananicheka, anasema nyinyi wawili mngezaliwa mapacha mngeuana tumboni.

Acha nikuambie kitu ambacho sijawahi kukuambia. Unasema wewe ulibeba sufuria na mimi ubao, kama kwamba mimi nilipewa kilicho kizuri. Ramla, nilikuwa nakaa kwenye ule mkeka wa chuo kila adhuhuri nikijua kwamba saa ile wewe uko na papa. Wewe ulimlisha. Wewe ndiye uliyeongea naye. Alipofariki, maneno yake ya mwisho alikuwa nayo mtoto wa sufuria, na mimi nina sura nilizozihifadhi, nazo mtu yeyote anaweza kuwa nazo. Hujawahi kuniambia alisema nini. Na mimi sijawahi kuuliza, kwa sababu ya majivuno.

Mkunga Julie anasema ni katikati ya Juni. Nimeandaa kitanda upande wa dirisha. Naogopa. Kwa mama naandika kwamba siogopi.

Mlete.

Nadia

Lubunga, tarehe 1 Juni 2024

Yaya Nadia,

Barua hii inakuja na mwenyewe. Ukiwa unaisoma, mama amekaa mbele yako anajifanya haangalii.

Sentensi nimeiandika. Ilinichukua asubuhi nzima na sikwenda kivukoni siku hiyo. Mama alitaka iwe ya kweli, si "mama yuko nyumbani" ya kitabu. Nikaandika: "Nenda, nimekubali, lakini sikufurahi." Aliisoma kwa sauti, taratibu, akasema nukta moja imekosekana. Akaniwekea mwenyewe. Kisha akaamka akaenda kukunja nguo.

Simu yake ameniachia mimi, yeye atatumia yako. Ameniachia kama mtu anavyoacha mtoto: hii chaja, hiki kitambaa cha kufutia, Daudi asiiguse, jua likiwa kali paneli iegemee ukuta wa Marceline. Majirani nao wamehuzunika, wanauliza wazee watapimiwa na nani saa za sala. Nimewaambia mimi.

Dawa ya presha anakunywa asubuhi na jioni. Weka kengele kwenye simu yako. Atakuonyesha yeye namna ya kuiweka. Usimshike mkono akikuonyesha, siku hizi hapendi kusaidiwa. Atasema hasikii baridi, mfunike. Atasema ameshiba, mwongeze. Pondu, yale majani ya muhogo, asipike yeye, anasimama mno. Mtoto mwache amwogeshe, hapo usimzuie hata akionekana amechoka, ndicho kilichomleta.

Kofia ya njano iko kwenye fuko lake. Usiifungue kabla ya mtoto kulia. Hata mimi sitauliza. Nitakaa kimya hivi hivi, hadi mtu aniandikie.

Papa alisema hivi. Nilikuwa nimemlisha vijiko viwili, akausukuma mkono wangu. Akauliza: "Nadia amefika sura gani?" Nikamtajia. Akasema vizuri, akalala. Hayo ndiyo maneno ya mwisho, yaya. Nilibeba sufuria mwezi mzima, na alikuulizia wewe. Ndiyo maana sikukuambia. Yachukue, ni yako, mimi nimeyashika vya kutosha.

Sasa masharti, na hapa sitanii. Arobaini ikitimia, mama anapanda mashua ya kwanza ya papa Valère. Si ya pili. Usimwambie mtoto anamlilia. Usimwambie maziwa yamekauka. Usimpikie ile samaki ya mto wenu anayoipenda kila siku, mpikie mara moja moja, asizoee. Ukimchelewesha nitashuka mwenyewe na watoto wangu wawili na sufuria ya mikate, na nitakaanga mlangoni kwako.

Na jambo moja la mwisho. Mama akisinzia mchana huwa anaita watu. Hapa namsikia kupitia ukutani, mara papa, mara bibi aliyemlea. Huko kwako kaa karibu naye, usikilize anaita jina la nani, kisha uniandikie. Kama ni langu, niandikie. Kama ni lako, niandikie tu kwamba ni langu.

Leki yako,
Ramla